Zuia Yote Mpaka Nirudi

Gertrude Katuku aliliandika jina la kampuni kwa mara nyingine, akabonyeza na kungoja. Modemu iliguna pembeni mwa meza. Feni ya dari ilikuwa ikilihamisha joto la Voi kutoka kona moja ya ofisi hadi nyingine bila kulipunguza. Ukurasa ukaanza kushuka polepole kwenye kioo, naye akausoma kabla haujamaliza kushuka, maana alishajua utasema nini.

Jaffar na Wanawe, wauzaji wa vikapu na katani, hawakuwepo. Hawakuwepo juu, hawakuwepo chini, wala kwenye kurasa zilizofuata. Pale walipopaswa kukaa wao alikaa Donald, muuza vikapu wa Mwatate.

"Umeona mwenyewe," Mzee Jaffar akasema nyuma yake. "Laitwa jina langu, aitika Donald."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu mvua za masika. Tovuti ya mzee haikuwa imekufa. Aliyeijua anwani yake aliifungua na kuziona picha za vikapu bila taabu. Lakini wanunuzi wa ng'ambo hawakujua anwani ya mtu. Wao waliuliza mtambo wa kutafutia mtandaoni, na mtambo ukawajibu kwamba hapa Voi hakuna Jaffar. Barua pepe zikapungua, kisha zikakoma. Mzee alipomuuliza fundi wake wa kompyuta kulikoni, fundi akashikwa na kigugumizi, na kwa Mzee Jaffar kigugumizi kilikuwa ungamo tosha.

Fundi huyo, Wabwire, mtu mzima mwenye familia, mzaliwa wa Busia, alikuwa amekalishwa chumba cha nyuma tangu asubuhi. Mkewe Nabwile alikuwa amekaa barazani na mtoto mgongoni. Ilikuwa Ijumaa. Mzee alikwisha zungumza na kituo cha polisi: swala ikimalizika, koplo angekuja kumchukua Wabwire kwa kosa la kuihujumu kampuni. Gertrude, aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya bima huko Mombasa kabla ya kuamua kujitegemea, hakuajiriwa kumtafuta mkosaji. Aliajiriwa kuleta jina la aliyemnunua.

Kazi ya namna hiyo hakuipenda hata kidogo. Mtu akikuletea jibu mkononi na kukuomba umtafutie swali lake, mara nyingi jibu hilo lina kasoro.

Alianza na Donald, kwa sababu mzee hakutaka kusikia jina jingine. Aliufungua ukurasa wa Donald, akakishika kipanya na kuuburuza wote kutoka juu hadi chini. Chini kabisa, mahali palipoonekana patupu, maneno yakajitokeza: meupe juu ya weupe, jina la Jaffar limerudiwa na kurudiwa mpaka mwisho wa ukurasa. Macho ya mtu yasingeyaona. Mtambo wa kutafutia uliyasoma yote na kuyaamini.

"Mwizi!" Mzee Jaffar akasema.

"Mwizi wa jina," Gertrude akamjibu. "Sijui bado kama ni mwizi wa kitu kingine."

Akalichukua gari lake akaenda Mwatate. Alimkuta Donald dukani kwake, bonge la mtu mwenye kicheko chepesi, akipanga vikapu kwa ukubwa. Gertrude hakumzungusha. Alimwambia alichokiona chini ya ukurasa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Donald alijitetea kwanza kwamba maneno yale aliyawekewa na kijana wa Nairobi, kisha kwamba kila mtu hufanya hivyo, kisha akarudia kupanga vikapu vyake. Gertrude akamuuliza kama aliwahi kuingia kwenye tovuti ya Jaffar, au kumtuma mtu aingie.

"Madam, mimi nimepaka rangi ukuta wangu mwenyewe," Donald akasema. "Wake sijaugusa. Na nikuambie ukweli, hayo maneno niliweka Krismasi. Mpaka masika bado yeye alikuwa juu na mimi chini. Siku moja nikaona niko juu, nikafikiri ni maombi ya mama yangu."

Lilikuwa jibu la ovyo, na kwa sababu hiyo hiyo Gertrude akaliamini. Mtu anayeongopa angetengeneza jibu zuri zaidi. Tena tarehe zilimtetea: hila ya Krismasi haiwezi kumzamisha mtu masika, isipokuwa kama kuna mwingine aliyemvuta miguu kwa chini.

Aliporudi Voi jua lilikuwa utosini. Alipopanda ngazi za baraza ilimbidi apite kwa ubavu, kwa maana marobota ya katani, mafurushi mazito yaliyokazwa kwa kamba, yalikuwa yamejazwa pale mpaka karibu na mlango, yakinuka ukungu. Mzee alimwona akiyatazama.

"Marobota hayo yaache," akasema kwa uchungu. "Hiyo ni balaa nyingine, na aliyeniletea nishamfukuza."

Gertrude akayaacha. Alikuwa na balaa moja ya kulipwa, hakutaka kuongeza ya bure. Baadaye aliikumbuka dakika hiyo na kujilaumu sana.

Aliketi tena kwenye kompyuta, akaihoji tovuti kama anavyomhoji shahidi, swali la kawaida kwanza. Je, kurasa zinafunguka? Zilifunguka, isipokuwa ukurasa wa mikeka. Akaligundua kosa lake: faili lilianza kwa herufi kubwa, kiungo kikaandikwa kwa herufi ndogo, na kompyuta iliyohifadhi tovuti huko Mombasa haikujua kwamba hilo ni jina moja. Kosa la uzembe, likaupoteza ukurasa mmoja. Halikuweza kuipoteza nyumba nzima. Je, maandishi ni maandishi, au ni picha ambazo mtambo hauwezi kuzisoma? Yalikuwa maandishi. Je, kila ukurasa una kichwa chake? Ulikuwa nacho. Wabwire alikuwa fundi mzuri, hilo alilazimika kulikubali, na likazidi kumtatiza.

Ndipo akauliza swali la mwisho. Mitambo ya kutafutia hutuma roboti, programu zinazotembea tovuti hata tovuti zikisoma na kukariri. Roboti mwenye adabu, kabla hajaingia, husoma faili dogo lililowekwa mlangoni kuona kama anaruhusiwa. Gertrude akaliita faili hilo. Likaja haraka, kwa kuwa lilikuwa fupi mno. Maneno machache ya Kiingereza na alama moja ya mkwaju, ambayo maana yake ilikuwa kwamba roboti wote, wa kila mtambo, wasiingie popote.

Alilitazama kwa muda.  Roboti waliambiwa wasiingie, wakatii, na kidogo kidogo wakasahau kwamba kulikuwa na kitu ndani.

Akapiga simu Mombasa kwa watu waliohifadhi tovuti. Walikuwa wastaarabu, wakamwangalizia. Faili liliwekwa siku moja ya masika, mchana, kutoka simu ya ofisi hii hii, kwa neno la siri la Wabwire. Gertrude akauliza kama kuna mgeni aliyeingia kabla au baada. Hakuna. Akashukuru, akakata. Nyuma ya mlango alisikia Mzee Jaffar akimwambia binti yake Nasima amtafutie kanzu safi ya kwenda msikitini.

Wabwire alisimama alipomwona anaingia chumba cha nyuma, kisha akakaa tena bila kuambiwa. Gertrude alivuta kiti, akamweleza alichokipata mlangoni mwa tovuti na simu ya Mombasa ilichosema. Alitarajia akane. Wabwire hakukana.

"Ni mimi niliweka," akasema. "Lakini si kwa akili yangu, madam. Mzee mwenyewe alinipigia simu. Alikuwa Taveta, ile safari ya maharagwe. Akaniambia zuia ma-robot yote mpaka nirudi. Laini ikakatika."

"Na hukushangaa?"

"Ningeshangaa nini? Wiki hiyo tu alikuwa ananiuliza Donald anaiga vikapu vyake vipi. Nikamweleza kuna programu zinaitwa robot, zinaweza kuingia kwa tovuti na kunakili kila kitu. Nikafikiri amechoka kuibiwa."

"Aliporudi, mbona hukuliondoa?"

"Nilimuuliza siku hiyo hiyo. Nikasema, mzee, sasa niachilie? Alikuwa amekasirika sana, akanifokea, usiachilie kitu hapa bila ruhusa yangu. Sasa mimi ni nani?"

Gertrude alimtazama machoni. Wabwire hakuyakwepesha. Akaeleza kwamba alipoulizwa na mzee alishikwa na kigugumizi kwa sababu alidhani mzee anamtega: inakuwaje mtu asahau amri yake mwenyewe? Hapo Gertrude akaona hatari iliyokuwepo. Kama fundi huyu anasema kweli, basi anayetaka kumfunga ndiye aliyemtuma. Na nani atakayeliamini neno la fundi mbele ya neno la Mzee Jaffar?

Alimkuta mzee barazani akivaa viatu. Akamwambia bila kuzunguka: Wabwire anakiri aliweka faili, lakini anadai kwamba wewe mwenyewe, ukiwa Taveta, ulimpigia simu ukamwagiza azuie roboti.

Mzee Jaffar alinyooka polepole. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Bi Katuku, mimi hapa naelekea msikitini. Siwezi kusema uongo nikiwa na udhu. Wallahi sijapata kumpigia Wabwire simu kutoka Taveta, wala neno hilo roboti halijatoka kinywani mwangu tangu nizaliwe. Yeye alinieleza habari zake hizo, mimi hata sikuwa namsikiliza."

Akaondoka, kanzu ikipepea. Nabwile, aliyekuwa amesikia kila neno, akaufunika uso wake kwa leso.

Gertrude alibaki amesimama kati ya marobota. Miaka yote ya kazi ilikuwa imemfundisha kumtambua mwongo, na sasa alikuwa na watu wawili, kila mmoja amemtazama machoni, kila mmoja anamfanya mwenzake kuwa mwongo. Tatizo lake ni kwamba aliwaamini wote wawili. Koplo angefika baada ya swala, na kuamini si ushahidi.

Nasima alimletea chai ya rangi. Alikuwa mwanamke wa miaka ipatayo thelathini, ndiye aliyeendesha hesabu za duka, na alionekana kama aliyelia asubuhi. Alikaa kwenye robota moja, akaugonga ubavu wake kwa kiganja, vumbi la ukungu likatoka.

"Safari ile ya Taveta ina kisirani," akasema. "Tangu siku hiyo nyumba hii haina amani. Kwanza Hanif, sasa Wabwire."

Gertrude akamuuliza Hanif ni nani. Nasima akamweleza kwamba ni mtoto wa ami yake, aliyelelewa na Mzee Jaffar tangu utotoni, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa godauni. Masika yale paa la godauni lilivuja, katani ikalowa. Baba akiwa Taveta akapata habari, akapiga simu kumwambia Hanif asitoe mzigo mpaka ukaushwe upya. Hanif akautoa vile vile. Wanunuzi wa Mombasa wakaukataa, wakaurudisha. Baba akamwita Hanif mbele ya wapakizi wote, akamfukuza. Hanif aliapa hakupokea simu yoyote. Siku hizi yuko Mombasa kwa mama yake na hajakanyaga Voi tena.

"Aliapa, na Wabwire naye anashikilia lake," Gertrude akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

"Na baba naye akaapa. Ananirudia maneno hayo hayo kila jioni mpaka nimeyakariri. Nilimwambia kwa kinywa changu, zuia marobota yote mpaka nirudi."

Gertrude akakishusha kikombe chini.

"Rudia."

"Zuia marobota yote mpaka nirudi."

Sasa alijiona mpumbavu, na haki yake. Wabwire alimwambia neno moja, naye alipolipeleka kwa mzee alilinyoosha njiani. Alilisafisha. Wabwire alisema ma-robot, kama vijana wa mjini wanavyolibandikia ma- kila neno la Kizungu, na yeye, kwa kupenda Kiswahili sanifu, akamfikishia mzee roboti. Mzee akaapia neno ambalo hakuna aliyemsingizia. Mpelelezi huyachukua maneno ya shahidi kama yalivyotoka, na vumbi lake.

"Simu ya godauni ina namba yake?" akauliza.

"Haina. Ni laini moja na hii ya ofisini. Zinalia zote, anayewahi ndiye anayejibu."

Ilitosha kumfanya asimame. Haikutosha kumzuia koplo. Jambo hili, akimwendea mzee na kumweleza tu, mzee angesema ni ujanja wa maneno. Alitaka mzee alisikie kwa masikio yake, au tuseme, alitaka amsikie Wabwire akilisikia.

Mzee Jaffar alirudi kutoka msikitini na koplo ubavuni pake, wamekutana njiani. Pingu zilining'inia kwenye mshipi wa koplo. Gertrude akawaomba muda kidogo tu. Akamwomba mzee aende godauni, ainue mkono wa simu, na aseme maneno yale yale aliyomwambia Hanif kutoka Taveta, asiongeze wala asipunguze. Mzee alitaka kukataa. Nasima akamshika mkono.

"Nenda, baba. Kwa ajili yangu."

Wabwire akatolewa chumba cha nyuma. Nabwile alisimama mlangoni, mtoto ameamka. Gertrude alimwambia Wabwire jambo moja tu: sikiliza simu, kisha useme ulichosikia, kwa sauti ya kumfikia koplo. Akauinua mkono wa simu, akampa. Laini ilivuma kwa ile sauti yake ya kungoja namba, na ndani ya uvumi ule sauti ya mzee ikapita, hafifu, kama inayotoka mbali kuliko ng'ambo ya ua.

Wabwire akaweka simu chini. Alimtazama Gertrude kwa hofu, kana kwamba amechezewa mchezo mbaya.

"Ni yale yale," akasema. "Amesema nizuie ma-robot yote mpaka arudi."

Koplo alivua kofia akajikuna kichwa. Mzee Jaffar alikuwa anauvuka ua kurudi, na kwa vile dirisha lilikuwa wazi alikuwa amesikia. Aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Umesikia nini?"

"Ma-robot, mzee. Kama siku ile."

"Marobota," mzee akasema. "Nimesema marobota. Ya katani."

"Robota ni nini?" Wabwire akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mzee Jaffar aligeuka akautazama mlango, na nje ya mlango ule mzigo uliorudishwa, na kila mtu akamwona akihesabu moyoni. Alipiga simu kutoka Taveta, akamwita Hanif, na hakungoja asikie ni nani aliyeitika. Laini mbovu ilikuwa imelimeza jina la Hanif, na Wabwire akadhani anaambiwa yeye. Bales, kwa Kiingereza, ndivyo walivyoyaita marobota wapakizi wote kutoka bara, ndivyo alivyoyaita Wabwire tangu aje Voi. Hakuna aliyewahi kumfundisha neno la mzee, na mzee hakuwahi kufikiri kwamba linafundishwa.

Akamgeukia koplo, akamwambia kwa adabu kwamba hapakuwa na kosa, ameitwa bure na anaombwa radhi. Koplo akatoka. Kisha mzee akafanya jambo ambalo Nasima alisema baadaye hakuwahi kuliona: alikwenda mlangoni kwa Nabwile, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu," na kwa Wabwire akasema hivyo hivyo mbele ya wote. Wabwire aliitikia kwa kichwa. Alipoulizwa kama anaweza kuliondoa faili lile, akavuta kiti cha kompyuta.

Aliliondoa. Gertrude alisimama nyuma yake akitazama. Akairekebisha ile herufi ya ukurasa wa mikeka, kisha akaipeleka anwani ya tovuti upya kwa mitambo ya kutafutia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepita nyumba hadi nyumba kusema kwamba amerudi. Na Donald je, mzee akauliza. Gertrude akasema Donald ataandikiwa ayafute maneno yake meupe, na asipoyafuta, wenye mitambo wataambiwa.

"Sasa wakinitafuta wataniona?"

"Sio leo," Gertrude akasema. "Roboti aliyekuta mlango umefungwa harudi siku hiyo hiyo. Anaweza kurudi mwezi ujao. Mlango unauacha wazi, unangoja."

Mzee Jaffar alitikisa kichwa taratibu. Akavuta kiti upande wa simu, akaketi, akamwambia Wabwire aikate kompyuta, anaihitaji laini. Modemu ikanyamaza. Akazungusha namba ya Mombasa bila kuitafuta popote. Ililia kwa muda, kisha upande wa pili mtu akainua.

"Ni nani?" mzee akauliza kwanza. Akasikiliza. "Hanif. Ni mimi, ami yako." Akalivuta neno lililofuata polepole, silabi kwa silabi, kama anayeogopa lisifike kama linavyotoka. "Unanisikia?"

Laini ilikuwa safi kabisa siku hiyo, na wote mle ofisini wakasikia jinsi upande wa pili ulivyokaa kimya.